Gigabaiti Kumi na Mbili za Harusi ya Alida

Juru, Nakivale
Jumatatu, 10 Juni 2024

Yaya Marie, dada yangu mkubwa mpendwa,

Sasa hivi Kleme amefanya kitu. Nilikuwa nimeiweka simu juu ya mkeka, harusi inacheza ndani, akaenda mpaka pale kwa miguu yake hiyo ya juzi. Akamwona bibi harusi analia. Akavuta kitambaa cha kichwa chake mwenyewe, akampangusa machozi juu ya kioo! Alipoona machozi hayaishi, akanitazama mimi kama mwenye kosa. Mwaka mmoja na miezi miwili, Yaya. Huyu mtoto ana moyo wa mama yetu.

Ndiyo, harusi nimeipiga yote, kutoka asubuhi mpaka watu wanakunja maturubai. Mikono yangu miwili, simu uliyonipa, basi. Sikukata hata fasi moja.

Sasa shida ni hii. Alida jirani yangu, unamjua, ni binti wa mzee Onesphore, huyo Mrundi unayempelekea uji hospitalini huko Mbarara tangu ng'ombe wa kule Endiinzi alipomvunja mguu. Kwao bibi harusi hawashi moto wa nyumba yake mpaka baba aseme kwa mdomo wake, "Nimeona." Cassien, mume wake, amejenga jiko la udongo zuri mpaka utataka kulilamba, na liko baridi. Alida anapika kwa mama mkwe kama mgeni. Ndugu walimpigia mzee simu wakamwomba aseme tu neno hilo. Akawajibu, "Nimeona nini? Nianze ndoa ya mwanangu kwa uongo?" Jana binamu wao akamtumia kipande kwa WhatsApp. Kule njiani kikapunguzwa kikafika uji mtupu. Mzee akauliza, "Hawa ni watu ao ni viazi?"

Na Ijumaa anapelekwa Kampala kupasuliwa. Kisu ni kisu, Yaya. Anataka kuona kabla hajalala chini yake, na Alida anataka aone.

Lakini usihofu, mdogo wako amepiga hesabu! Venuste wa chumba cha kompyuta hapa Base Camp, makao makuu ya kambi yetu, ameniambia mtandao wao unapeleka megabiti moja kwa sekunde. Sinema yangu ni gigabaiti kumi na mbili, yaani megabaiti elfu kumi na mbili. Kwa hiyo sekunde elfu kumi na mbili. Nimegawanya kwa kijiti udongoni, mimi niliyeachia shule darasa la sita: saa tatu na dakika ishirini. Nimemwambia Alida, leo jioni baba yako anaona.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu imejaa mpaka shingoni, haipokei tena hata ujumbe. Nampa Ezira wa bodaboda, yule Mnyankore anayepeleka samaki wa ziwani huko Mbarara kila asubuhi. Jioni kaa karibu na kompyuta ya dukani kwenu.

Mdogo wako mwenye hesabu,
Pascaline


Mbarara
Jumanne, 11 Juni

Mdogo wangu Pascaline,

Jana nimekaa dukani mpaka bosi akazima taa juu ya kichwa changu. Unajua kilichofika? Watu wanapanga viti. Halafu mtu mmoja anatafuta kiti kilichopotea. Halafu mtandao wenu ukalala.

Hesabu yako ni safi kabisa. Kilichokosea ni vitu ulivyovihesabu. Umechukua biti na baiti ukafikiri ni mtu na jina lake la ubatizo. Sivyo. Biti ndiyo kitu kidogo kuliko vyote: taa imewaka ao imezimika, ndiyo ao hapana, basi. Baiti ni biti nane zimekaa pamoja, na herufi moja tu ya jina lako inakula baiti nzima. Sasa shika hili, utanishukuru: wenye ghala wanapima kwa baiti, wenye barabara wanapima kwa biti. Sinema yako ikiwa imelala ndani ya simu ni mambo ya ghala. Mtandao wa Venuste ni barabara. Kwa hiyo zile saa zako zizidishe mara nane. Ni zaidi ya siku nzima na usiku wake bila kupumzika, na Venuste anafunga jioni akalale.

Usilie. Mimi pia wiki ya kwanza dukani nilimwahidi mteja picha zake "sasa hivi", akaningoja mpaka akasinzia juu ya kaunta.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi ndogo ya kumbukumbu, ya gigabaiti kumi na sita. Ni ndogo kama ukucha, mweke Kleme mbali. Ichomeke kwenye simu, nakili vipande vyote vya sinema, mrudishie Ezira kesho asubuhi. Basi.

Mzee leo ameniuliza tena, "Sinema ya mwanangu iko wapi?" Nikasema iko njiani. Akauliza nani alishika kamera. Nikasema, fundi. Hayo mengine tutazungumza siku nyingine.

Dada yako,
Marie


Juru, Nakivale
Jumatano, 12 Juni, asubuhi

Yaya,

Tumepunjwa! Hicho kiduka mulikonunua kadi kina wezi.

Niliichomeka jana jioni, nikafungua pale simu inapoonyesha nafasi, kwa sababu umenifundisha tuwe tunaangalia. Kadi imeandikwa kumi na sita kwa rangi nyeupe. Simu inasema 14.9. Na ni tupu, Yaya! Hakuna hata picha moja ndani. Ile moja na zaidi imeliwa na nani?

Unajua mimi. Siku ya kugawa maharagwe ya wakimbizi ni mimi ninayemwambia mwenye kopo, "Kaka, ondoa kidole chako ndani, hicho hatuli." Sasa ninyamaze kwa kadi? Nikawaita majirani waone. Bibi Mukamazimpaka akavaa miwani, akaiinamia ile namba kama anasoma misale. Akasema, "Kumbe! Nilifikiri wanapunja chakula tu." Mama mwingine wa kwetu Fizi akapiga makofi: "Banatupunja mpaka ndani ya kadi! Hata matabishi habakuweka!" Na kweli, Yaya, muuzaji mwenye aibu angeongeza kidogo juu, kopo lipate kilima. Huyu amekata kichwa cha kopo.

Alida peke yake alikuwa na wasiwasi. Akaniuliza pole pole, "Lakini dada, harusi si inaenea humo humo?" Nikamwambia, mdogo wangu, ukikubali kopo la kwanza lililokatwa, hata la mwisho watakukatia. Harusi yako haisafiri ndani ya kitu cha wizi.

Kwa hiyo nimemrudishia Ezira kadi ikiwa tupu vile vile. Yeye ananung'unika: "Nyabo, mimi iko beba samaki, sasa naanza beba na kesi?" Mwambieni muuzaji atoe kadi iliyojaa kumi na sita yake. Akikataa, mwambie mdogo wako anakuja mwenyewe na mtoto mgongoni.

Ijumaa bado iko mbali. Hawatatuweza.

Wako,
Pascaline


Mbarara
Jumatano, 12 Juni, mchana

Pascaline, Pascaline, Pascaline.

Nimecheka mpaka bosi akauliza kama nimefiwa. Halafu nimelia kidogo kweli, nitakuambia kwa nini.

Hakuna aliyekupunja. Unakumbuka mama alivyokuwa ananunua maharagwe mjini Baraka akaja kuyauza Uvira? Kule amepima makopo kumi na sita, akifika huku makopo kumi na tano hayatimii, anageuka kuwatazama waliopanda naye gari. Mpaka siku aliposimamisha kopo la Baraka kando ya kopo la Uvira. La Uvira lilikuwa limemzidi mwenzake kidogo tu, upana wa kidole. Maharagwe ni yale yale. Ndiyo kadi yako hiyo. Mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu: kilobaiti ni baiti elfu, megabaiti ni kilobaiti elfu, gigabaiti ni megabaiti elfu. Simu haijui elfu yetu. Yenyewe inahesabu kwa kujikunja, mbili, nne, nane, kumi na sita, inaendelea hivyo mpaka elfu moja na ishirini na nne, na hiyo ndiyo inaiita elfu. Kopo lake ni kubwa zaidi, kwa hiyo makopo yanatoka machache. Hakuna punje iliyoanguka njiani.

Nilimweleza hata muuzaji. Akasema, "Huyo dada yako aje hapa, nimpe kazi ya kulinda mlango."

Na Alida alisema kweli: kumi na mbili ingeenea, na nafasi ingebaki.

Sasa kilichoniliza. Leo daktari amesema gari la Kampala halingoji Ijumaa. Ni kesho Alhamisi, saa nane mchana. Mzee Onesphore aliposikia hakuuliza habari za mguu. Aliniangalia mimi tu. Nikashindwa kumwambia kwamba kadi imekwenda Nakivale na kurudi tupu kwa sababu ya kilima juu ya kopo.

Kadi ni ile ile, iko ndani ya bahasha. Nimemwambia Ezira usiku huu asilale mbali. Kutoka simu kwenda kwenye kadi si kama mtandao. Hapo barabara ni fupi na pana, inapita kama megabaiti kumi na tano kwa sekunde, baiti, siyo biti. Uji wa Kleme hautapoa kabla haijamaliza. Lakini simu iwe na chaji, na usiiguse inaponakili.

Fanya upesi, mdogo wangu. Sina hasira.

Marie


Juru, Nakivale
Alhamisi, 13 Juni, alfajiri

Yaya,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nikaenda kwa Alida nikamwambia yote: gari ni leo, na siku moja nimeila mimi. Nilitaka anitukane. Akanishika mkono, akasema, "Umenigombania. Hakuna aliyewahi kunigombania kwa namba." Halafu akasema, "Sasa nakili."

Mume wangu Parfait amekimbia na simu mpaka kwenye kibanda cha sola kuichajisha. Ikarudi imeshiba. Nimechomeka kadi, nimebonyeza, nimeweka simu juu ya kabati kama sanamu ya Bikira Maria, na hakuna aliyeigusa. Kweli, uji haukupoa. Vipande vyote kumi na saba nimevifungua kimoja kimoja ndani ya kadi, mwanzo wake na mwisho wake. Vinacheza. Nafasi imebaki.

Ezira yuko mlangoni, injini inaunguruma. Nimemuuliza safari yake ni muda gani. "Kama hakuna mvua, saa mbili na dakika arobaini. Samaki nayo najua njia." Yaya, nikachukua kijiti tena! Nimebadilisha baiti kuwa biti kama ulivyonifundisha, mara nane. Harusi nzima ni megabiti elfu tisini na sita. Safari ya Ezira ni sekunde elfu tisa na mia sita. Gawanya mwenyewe. Megabiti kumi kwa sekunde! Huyu mtu na pikipiki yake ya samaki anaushinda mtandao wa Base Camp mara kumi.

Nimemwambia. Amevua kofia, amejitazama kwenye kioo cha pikipiki. "Banange! Mimi ndiyo network?"

"Wewe ndiye."

"Basi bundle yangu haiishi, nyabo!"

Ameiweka kadi ndani ya karatasi ya nailoni, ndani ya soksi, ndani ya mfuko wa shati, na amefunga kifungo. Mpokee hapo njiani mapema, usimngoje dukani.

Pascaline


Mbarara
Ijumaa, 14 Juni

Mdogo wangu,

Jana sikuandika. Leo nakuambia taratibu.

Ezira amefika kabla ya saa nne, ananuka ziwa zima. Nilichukua kompyuta ya dukani, bosi akasema niende nayo, akafunga duka akaja na yeye. Tukamwinua mzee kwa mito miwili. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajivuta. Nesi akasema kelele hapana, halafu akakaa pembeni ya kitanda akabaki pale.

Nilifikiri atataka niruke sehemu. Hakutaka. Aliwatazama hata wanaopanga viti, na yule aliyekuwa anatafuta kiti kilichopotea alimtukana kwa Kirundi, kumbe ni shemeji yake. Sura zilikuwa safi, Pascaline. Ungeweza kuhesabu shanga shingoni mwa Alida.

Halafu ikafika pale ulipoacha kila kitu, ngoma, wachezaji, ukaelekeza simu kwenye kiti chake. Koti lake juu ya kiti, na Alida anapita, anagusa bega la koti, anaendelea. Umekaa hapo muda mrefu. Pale kwenu nasikia watu wanapiga kelele, "Mama Kleme, piga wanaocheza, kiti hakichezi!" Na wewe hukusogea. Mzee akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu hakusema, alionyesha kwa kidole.

Akauliza, "Huyu fundi wanayemwita Mama Kleme ni nani?"

Sasa nikuambie nilichokuwa nakuficha. Kabla ya harusi mzee alikuwa amesema anataka mwanamume wa studio ya mjini, mwenye kamera ya begani. Alisema harusi ya mwanawe haitashikwa na kasichana kenye mtoto mgongoni. Ndiyo maana nilimwambia fundi, basi. Niliogopa atakataa hata kutazama.

Jana sikuogopa tena. Nikasema, "Ni mdogo wangu, mzee. Pascaline. Na mtoto alikuwa mgongoni kweli, ukisikiliza vizuri kuna mahali anakoroma."

Akarudisha macho kwenye kile kiti, akasema, "Mwanamume wa studio angepiga wanaocheza."

Gari likaja. Akakataa kubebwa mpaka aseme neno lake. Kwenye kadi kulikuwa na ile nafasi iliyobaki. Nikaichomeka kwenye simu yangu, nikamrekodi akiwa ameinuliwa kwenye mito, watu wa machela wamesimama wanangoja. Sitakuandikia alichosema. Si cha kwangu. Anacho Ezira ndani ya soksi yake.

Nimekuwa nikisema "mdogo wangu, mdogo wangu" miaka yote. Jana nililisema mbele ya watu, likatoka kama cheo.

Marie


Juru, Nakivale
Jumamosi, 15 Juni

Yaya wangu,

Ezira jana hakupiga hata honi. Alisukuma pikipiki mpaka kwa Alida kama mtu anayeingia kanisani, akatoa soksi kwa mikono miwili. Tukakubaliana tungoje leo, ukoo wote ukusanyike.

Wamekuja, Yaya. Warundi, Wakongo, hata Venuste amekuja na spika yake. Akaniuliza mbele ya watu, "Mama Kleme, kwanza tunafanya nini?" Nikasema, kwanza tunanakili neno la mzee kwenye simu ya pili, ili likipotea huku libaki kule. Wakangoja. Watu wazima wote wakangoja mpaka niliposema tayari.

Mzee akasema hivi, nimelishika lote:

"Mimi Onesphore. Mguu umevunjika, mdomo haujavunjika. Alida, nimeona. Nimeona ulivyotoka na nimeona mikono iliyokupokea. Cassien, nimekuona ukiinama kumbebea mzigo kabla hujaambiwa. Washeni moto wenu. Moshi ukiwaingia machoni, msitafute aliyeuleta, fungueni mlango. Na yule mama Mkongo aliyeyabeba macho yangu mpaka harusini, mwambieni mkono wake hautetemeki."

Yaya, nilikuwa nimemshika Kleme, nikaficha uso wangu mgongoni mwake. Alida alipiga kigelegele peke yake kwanza, halafu wote. Mama Nyiransengimana wa kule ng'ambo ya barabara akaja kunishika bega: mwanawe anaoa Desemba, anasema hataki mtu mwingine. Anasema nije na mtoto mgongoni vile vile, labda ndiyo siri. Parfait anajibu kila anayemsalimia, "Mimi? Mimi ni mume wa fundi."

Na kaka yake Alida amepiga simu kutoka Kampala. Mzee amepasuliwa jana, ameamka. Kitu cha kwanza ameuliza kama moto umewaka. Wakamwambia bado kidogo. Akasema basi atangoja macho wazi.

Nakuandikia nimekaa nje ya mlango wao. Kuni zimepangwa ndani ya lile jiko la udongo, Cassien ameshika kiberiti, bibi Mukamazimpaka anaelekeza kila mtu na hakuna anayemsikiliza. Nimefuta harusi kwenye simu yako, usishituke, iko fasi mbili nyingine, kwenye kadi na kwenye kompyuta ya Venuste, nimehakikisha. Nataka moto huu uingie wote. Halafu, Yaya, nilikuwa nimefikiri jambo. Hapo dukani kwenu, wakitafuta mtu wa kujifunza, hata wa kufagia kwanza, mimi ningeweza kuwa nakuja na Ezira siku mbili kwa wiki, Kleme angezoea, na nime

Wananiita. Alida anapaza sauti kutoka jikoni: "Mama Kleme! Weka karatasi! Baba yuko kwenye simu, anasema kiberiti kisiguswe mpaka wewe ushike kamera!" Nakuja, nimemwambia, nakuja, namalizia tu kumwambia dada yangu kwamba leo mimi ndiye fundi.